Uainishaji wa Viunga vya Eldoret kwa Mjengaji wa Mara ya Kwanza

Mtafiti anayetaka kuainisha viunga vya Eldoret hukwama mapema kwenye suala la vipimo. Mji huu ulizaliwa ukiwa nambari. Kabla ya kupewa jina lake la sasa mwaka 1912 uliitwa 64, na wenyeji wakaitamka Sisibo. Wapo wanaoshikilia kuwa ilikuwa nambari ya shamba, na wapo wanaosema ni maili kutoka mwisho wa reli. Kiunga cha Maili Nne nacho bado kinajitambulisha kwa umbali. Si ajabu basi kwamba ploti ya hapa huuzwa kwa ukaribu wake na kitu kingine.

Kipimo kikuu ni dakika ya broka. Hii hupimwa Januari, Jumapili asubuhi, kwa pikipiki ya broka mwenyewe: "Mkubwa, hapa ni dakika kumi tu hadi taoni." Mvua ya Aprili ikishanyesha, hizo dakika kumi humaliza matatu moja, boda boda moja na gambuti. Ukubwa una utata wake pia. Hamsini kwa mia, inayosifiwa kuwa moja ya nane ya ekari, ni futi mraba 5,000; moja ya nane kamili ya ekari ni 5,445. Zile 445 zilienda wapi? Wataalamu huelekeza kidole kwenye barabara ya kuingilia, ambayo nayo haijaonekana.

Tukishaonya hivyo, tuingie kwenye jamii zenyewe.

Jamii ya Lami hupatikana Maili Nne na kwingineko kando ya barabara ya kwenda Uganda. Matatu hazikosekani, wala malori ya Malaba, hasa saa nane za usiku. Jamii ya Ndege iko Kapseret, upande wa uwanja wa ndege, na tangu baipasi ya kutoka Cheplaskei hadi Leseru ipite hapo, hakuna ploti isiyokuwa "karibu na baipasi", hata ile inayofikiwa kwa kuvuka mto. Elgon View tunairuka, kwa kuwa bei imekwisha kuiainisha. Langas imezua mgogoro: kwenye ramani ni kiunga, lakini kwa msongamano imelishinda jiji lenyewe.

Jamii ya Mahindi inastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Inapatikana Kuinet, Moiben na njia ya Ziwa, na huwavuta sana waliochoka na fleti za Pipeline na Roysambu kule Nairobi, ambako dirisha lako hutazamana na sufuria ya jirani. Mnunuzi huletwa kuona ploti mwezi wa Julai. Mahindi yamempita kimo, upepo unayapapasa, haonekani mtu. Anaagiza fundi aweke dirisha pana la sebule upande huo huo. Novemba shamba linavunwa, ng'ombe wanaachiwa mabua, na familia inagundua kwamba imekuwa ikila chajio mbele ya kijiji kizima. Ndipo pazia hununuliwa. Baada ya miaka michache mwenye shamba hulikata vipande, na palipoota mahindi huota mabati. Aliyekimbia majirani huwa amewatangulia tu.

Jamii ya Chuo imeshamiri Chepkoilel, hasa tangu kampasi hiyo iwe Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013. Huku nyumba ya familia huota mkia wa vyumba vya kupangisha, na mwenyewe anaamka siku moja akiwa landilodi wa wanafunzi wanaolala alfajiri.

Ipo pia spishi iliyoainishwa bila kuulizwa: waliohama Nairobi kutafuta mji mtulivu, kisha tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Walirudi jijini bila kupakia hata kiti.

Tumebakiwa na Jamii ya Sefu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na haitajwi na broka yeyote. Inasimuliwa kwamba benki ya kwanza ya Eldoret ilijengwa pale sefu lilipoangukia kutoka kwenye mkokoteni: lilikuwa zito mno kuinuliwa, wakajenga kuta kulizunguka. Kisa hiki huchukuliwa kama mzaha. Mimi nakiona kuwa nadharia kamili ya makazi. Mume na mke huzunguka kila Jumamosi na daftari lenye safu za maji, stima na hatimiliki. Kisha mtoto anapata nafasi ya shule Kapsoya. Mama mzazi anasema magoti yake hayawezi matatu mbili. Sacco inaidhinisha nusu ya mkopo. Vitu hivyo vitatu vikishaangukia mahali pamoja, daftari hufungwa na mawe ya msingi huteremshwa. Waulize walivutiwa na nini, watakuambia hewa safi. Hewa, kwa taarifa yako, ni ile ile kutoka Turbo hadi Cheplaskei.