Majike Watupu: Juu ya Jinsia ya Simbilisi Wafugwao Pamoja

Miongoni mwa kauli za biashara zinazotolewa kwa uhakika mkubwa na ushahidi mdogo, ile ya mwuzaji anayemhakikishia mteja kwamba simbilisi wawili waliomo ndani ya boksi ni majike watupu inastahili nafasi ya heshima. Simbilisi, mnyama mdogo mgugunaji asiye na mkia, ambaye wataalamu humwita Cavia porcellus, alifugwa kwanza na wakazi wa milima ya Andes maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo huliwa kwa hamu huko Peru na Ekwado. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kama vile Iringa na Mbeya, hufugwa papo hapo jikoni akijilia maganda na majani, ilhali katika nyumba za mjini huwa mnyama wa watoto, mwenye jina lake, boksi lake na, baada ya muda si mrefu, ukoo wake. Jikoni kule ukoo huo huhesabiwa kuwa kitoweo. Sebuleni mjini huitwa balaa.

Si haki, hata hivyo, kumtwika mwuzaji lawama zote, kwa kuwa familia inayomfuga mnyama huyu huwa na elimu yake ya jinsia, nayo hutegemea tabia tupu. Anayewahi mchicha na kumsukuma mwenzake hutangazwa kuwa dume na kupewa jina la Simba. Anayejikunyata pembeni huitwa Malaika, na shauri huisha hapo. Wanyama wenyewe hawajaarifiwa mgawanyo huo. Ule mwendo wa kutikisa nyonga polepole huku mnyama akinguruma kwa sauti ya chini, ambao ni kweli madume huupenda, huonekana pia kwa majike, hasa wanapokuwa kwenye joto, yaani katika zile saa chache za kuwa tayari kupandwa ambazo hurudi kila baada ya siku 16 hivi. Hata kupanda kwenyewe si ushahidi, maana majike hupandana ili kuamua nani mkubwa wa banda. Hivyo bibi anayewaziba macho wajukuu wake na kutamka kwamba mambo sasa yamedhihirika, huenda anashuhudia kikao cha uongozi tu. Kinyume chake, wale wawili wanaolala shavu kwa shavu, ambao wageni huonyeshwa kama mfano wa upendo wa kindugu, yawezekana kabisa kwamba ni mtu na mkewe.

Kigezo cha umbo nacho hakina nafuu. Dume aliyekomaa huwa na gramu 900 hadi 1,200, na jike 700 hadi 900, lakini jike mwenye mimba hupita kipimo hicho bila kuomba radhi, na ndiyo maana mara nyingi yule mnene aliyekwisha kuitwa Bwana Mkubwa huwa na sababu zake za kunenepa. Hutokea pia shangazi aliyekulia kwenye mbuzi akamgeuza mnyama, akaona chuchu mbili, akatoa hukumu mbele ya nyumba nzima. Simbilisi dume ana chuchu mbili vilevile.

Njia inayokubalika ni moja, nayo ni kutazama mahali panapohusika. Mtazamaji huketi, akatandika taulo mapajani, akamshika mnyama kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, akamlaza chali kidogo huku mwenzake akimulika kwa tochi ya simu. Kazi hii ya kumulika kwa kawaida hupewa mtoto, ambaye huitumia nafasi hiyo kuuliza maswali ambayo wazazi walikuwa wameyaahirisha hadi kidato cha pili. Mnyama hupiga mluzi wa kusikika kwa jirani, ingawa hajaumizwa. Vinyweleo vikishapanguswa kando, sehemu za siri za jike huonekana kama mikunjo yenye umbo la herufi Y, na tundu la uke huwa limefungwa na utando mwembamba unaofunguka nyakati za joto na za kuzaa tu. Kwa dume huonekana uvimbe mdogo wa mviringo mithili ya kifungo cha shati, na ukibonyezwa taratibu kwa kidole upande wa kuelekea tumboni, uume hujitokeza. Korodani za dume mzima huvimba pande zote mbili, ila njia zinamopitia hazizibiki maisha yake yote, kwa hiyo anaweza kuzirudisha tumboni apendapo, na asiyeziona asiharakishe kuandika ripoti. Kwa vitoto, ambavyo kila kitu chao ni kidogo, afadhali kuvigeuza viwili na kuvilinganisha, au kuvipeleka kwa daktari wa mifugo.

Haraka inatokana na kalenda ya mnyama, ambayo haingoji familia imalize ubishi. Jike huweza kushika mimba akiwa na wiki nne tu, kwa hiyo aliyenunuliwa na wiki sita huenda alikwisha kutungishwa na kaka yake ndani ya lile boksi la mwuzaji. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, muda unaotosha kabisa kwa mwuzaji kusahaulika na risiti, kama ilikuwepo, kupotea. Watoto, kwa kawaida wawili hadi wanne, huzaliwa na manyoya, meno na macho yaliyo wazi, wakakimbia siku hiyohiyo, na ndiyo maana mwenye nyumba anayefunua boksi alfajiri hudhani kwanza kwamba mtoto wa jirani amemchezea. Akishagutuka humtoa dume kwa hasira, lakini amechelewa, kwa sababu jike huingia tena kwenye joto saa chache baada ya kuzaa. Kumhasi dume, yaani kumwondoa korodani, ni dawa nzuri, ila mbegu zilizosalia mwilini huweza kutungisha kwa wiki kadhaa, na asiyeambiwa hivyo huishia kumshuku daktari.

Upande mmoja wa jambo hili haucheki. Jike anayezaa kwa mara ya kwanza baada ya kutimiza miezi saba au minane huwa hatarini, kwa kuwa mifupa ya kinena chake huenda imekwisha kushikana na haipanuki kupitisha watoto, ambao huzaliwa wakubwa. Bila upasuaji anaweza kufa. Kwa sababu hiyo mwenye shaka na awatenge leo, kwani boksi la pili na konzi ya majani havimfilisi mtu, na watoto wa kiume waondolewe kwa mama na dada zao wanapotimiza wiki tatu. Katika umri huo wengine huwa bado wananyonya, jambo ambalo haliwazuii.