Yule Mwanamke wa Simuni

Nyumba za Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, zilijengwa kwa ajili ya kivuli, si kwa ajili ya siri. Mkokoteni wa mitungi ya maji ukipita kichochoroni, watu hupanda barazani kuupisha, na huko juu roshani za mbao zimeinamiana kama mashoga wanaoteta. Mtu akipiga chafya ghorofani, anayenunua mbaazi chini humuombea rehema. Mji wa namna hii ndio ulioletewa simu inayosoma maandishi kwa sauti.

Kusomewa kwenyewe si jambo geni Mji wa Kale. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 hivi, ziliishi vinywani mwa watu miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua hajakaa na Mwingereza Taylor kuzikusanya. Barua nazo, zilipoingia nyumbani, aliitwa mtoto aliyekwenda skuli, akasoma huku wazee wamemzunguka. Na kila mtoto wa aina hiyo alijifunza mapema sanaa kubwa kuliko kusoma, nayo ni sanaa ya kuruka. Mjomba aliyeko Maskati akiandika kwamba hatumi tena pesa kwa kuwa za mwaka jana zililiwa, msomaji alisema: "Awasalimu sana, na mambo huko ni mazito kidogo." Amani ya ukoo wetu imesimama juu ya mistari iliyorukwa.

Simu hairuki kitu.

Tuliligundua hilo ilipofika kwa Shangazi. Shangazi ana mtoto wa jicho, anangoja zamu yake ya kupasuliwa. Yasini ameihifadhi, haihitaji macho. Kinachomsumbua ni kundi la ukoo la WhatsApp, ambako watu huandika kutwa kucha kwa vijiherufi visivyomwonea huruma mtu mzima. Mjukuu wake akamwekea programu ya kusoma. Ukigusa ujumbe, sauti ya kike, safi, isiyo na haraka, inautamka wote. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akajitengeneza leso, akauliza: "Huyu mwanamke ni wa wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Kwa mashine, Kiswahili ni lugha ya neema: herufi hutamkwa zilivyoandikwa, irabu ni 5 tu, na mkazo karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa ng'ambo walishaonyesha mfumo wa kusoma Kiswahili tangu mwaka 2005. Siku hizi Microsoft peke yake ina sauti 4: Zuri na Rafiki wa Kenya, Rehema na Daudi wa Tanzania.

"Na wa Mvita ni yupi?" akauliza Shangazi.

Nikamweleza kwamba Kiswahili sanifu kilisimamishwa juu ya Kiunguja, si juu ya Kimvita chetu, kwa uamuzi wa mkutano wa mwaka 1928.

"Mkutano wenyewe ulifanywa wapi?"

"Hapa hapa Mombasa, Shangazi."

"Ala! Wakaja kwetu, wakala vya kwetu, kisha wakachagua cha Unguja!"

Tangu hapo sauti ile kwake haina jina jingine ila "yule mwanamke wa simuni", na kila inapokosea, lawama ni ya mwaka 1928.

Inakosea, ndiyo, lakini makosa mengi ni yetu sisi tunaoandika. Kijana wetu mmoja alimwandikia "xaxa shangazi 2taonana kexho". Mwanamke wa simuni akaparamia zile x moja baada ya nyingine bila kuvunjika moyo, na Shangazi akauliza kama Wareno wamerudi, maana yeye alivyosikia walitolewa Ngomeni mwaka 1698. Ukaja mwaliko wa nikahi ya tarehe 12/8, ukasomwa "kumi na mbili mkwaju nane". Akataka kujua ni harusi gani hiyo inayoanza na ukwaju kabla ya pilau.

Kubwa kuliko yote ni emoji. Ami yetu mmoja, kwa miaka na miaka, amekuwa akimalizia kila rambirambi kwa ule uso uliofumba macho na kububujikwa. Jicho likipita pale huona machozi, likatosheka. Sikio halina njia hiyo. Ulipotokea msiba Mkanyageni, kina mama wamekaa kwenye mkeka, simu ya Shangazi ikasoma kwa ufasaha wake wote: "Poleni sana. Mungu amrehemu marehemu wetu. Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye machozi ya furaha."

Kina mama wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Kwani na yeye yumo katika mirathi?"

Simu yangu mimi ina ugonjwa mwingine: imelelewa kwa Kiingereza. Ikikutana na Kiswahili, Mji wa Kale hugeuka mji wa sukuma wiki, kwa sababu Waingereza huiandika mboga hiyo kwa herufi zizo hizo nne, na pole niliyomwandikia mgonjwa husomwa ikiwa nguzo ya umeme. Wala sikuiomba inisomee. Simu nyingi za Android zina njia ya mkato: ukibana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja ukashikilia kidogo, kisomaji cha wasioona huamka. Tuktuk iliyoshindiliwa watu kutoka Marikiti ilinifanyia kazi hiyo mfukoni.

Nilishuka, nikaketi kwenye baraza la kahawa ubavuni mwa rafiki anayenidai, ambaye ndiyo kwanza nimemwambia kwamba sina kitu mpaka mwisho wa mwezi. Nikalipia kahawa na kashata kwa M-Pesa. Simu ikaanza. Kwanza namba ya muamala, herufi na tarakimu 10, ikizitaja mojamoja kwa heshima zote hata waliokuwa wakicheza bao wakanyamaza, wakidhani kuna mtu ameshinda bahati nasibu. Halafu jina la muuza kahawa. Halafu salio: shilingi elfu kumi na nne na mia tatu, kwa Kiingereza kilichonyooka. Barazani pale wamo wazee wanaoapa kwamba Kiingereza hawakijui. Hicho walikielewa wote.

"Alhamdulillahi," akasema rafiki yangu akiweka kikombe chini, "mwisho wa mwezi umetangulia."

Kuizima ikawa kazi. Kisomaji kikiwa macho, kugusa mara moja ni kusomewa tu. Ukitaka kufungua kitu sharti uguse mara mbili. Vijana watatu walijitolea kunisaidia, na kila walipoweka kidole, simu ilitangaza walichokigusa: jina la mtu niliyeacha kumpokea, jina la mwingine niliyeacha kumpokea, na jina la rafiki yuleyule aliyeketi hapo, ambaye pia nilikuwa nimeacha kumpokea.

Aliyeniokoa ni mwalimu mstaafu asiyeona, mwenyeji wa baraza lile. Simu yake yeye husoma kwa kasi ambayo mimi nasikia mvumo tu, na yeye hapo keshamaliza gazeti. Alinyoosha mkono, akapokea simu yangu, akabana vitufe viwili, kukawa kimya. Spika zake ndogo za masikioni zilikuwa zimening'inia shingoni.

"Nyinyi wenye macho mwanishangaza," alisema. "Barua za siri mwazisomea kwenye kipaza sauti."

Ndilo somo lote hilo, na limetoka kwa mtu ambaye kifaa chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye. Programu huja na irabu, na mkazo, na subira isiyokwisha. Stara haimo ndani yake; mtu huja nayo kutoka kwao.

Nikamnunulia Shangazi spika za masikioni. Alizigeuzageuza mkononi, akanirudishia. "Nikiziba masikio, adhana ntaisikia na nini?" Baadaye nikafahamu kwamba adhana ilikuwa kisingizio. Shangazi alikuwa ameonja utamu wa kusomewa bila kurukiwa, na hakuwa na nia ya kuuficha utamu huo.

Maana baada ya ile harusi ya ukwaju, binamu yetu mmoja aliandika kwenye kundi, kwa mazoea ya zamani ambapo wajukuu ndio waliokuwa wakimsomea bibi yao: "Pilau ya Shangazi ilizidi chumvi, lakini msimwambie." Mwanamke wa simuni akayasoma yote, pamoja na "lakini msimwambie", dirisha likiwa wazi, saa ya watu kurudi kutoka sala ya Alasiri. Shangazi akaniita.

"Ndoo hapa mwanangu. Miaka yote hii mwanisomea. Mwanifita mangapi?"

Nikamwambia mimi nina haraka, nakwenda Likoni. Sina mtu yeyote Likoni.

Ijumaa iliyofuata, binamu alipelekewa sinia ya pilau isiyotiwa chumvi hata punje, na kando yake paketi nzima ya chumvi haijafunguliwa. Aliyeipeleka aliagizwa asubiri sinia, ili ashuhudie ikiliwa.

Tangu siku hiyo kundi la ukoo limebadilika kuliko ambavyo mwalimu yeyote wa Kiswahili angeweza kulibadilisha. Tarehe zinaandikwa kwa maneno. Yule kijana wa x ameirudia s, na salamu zake siku hizi ni ndefu hata nahofia anataka kuposa. Ami ameacha nyuso zote, anaandika "nalia" kwa herufi. Hakuna anayemsema mtu, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba alichoandika kitasomwa dirishani Kibokoni, kwa sauti nzuri, na muuza mbaazi atakisikia.

Bila shaka masengenyo hayakufa. Yalihamia kundi jipya, ambalo Shangazi hayumo. Lilidumu salama hadi binamu yuleyule alipomtembelea kuomba radhi, akaiacha simu yake juu ya kiti alipokwenda kutawadha. Kumbe naye tuktuk ilishambania vitufe. Ujumbe ukaingia, na sauti ileile ya kike ikatangaza jina la kundi, jina la mwandishi, na alichouliza: "Amekusamehe, au bado amenuna?"

Jioni hiyo Shangazi alitutumia sisi sote ujumbe wa sauti, mfupi.

"Niongezeni kwenye hilo kundi lenu. Na kama mwaona tabu kuniongeza mimi, basi. Yule mwanamke yumo tayari, atanambia."