Bakshishi, Chai na Takrima

Bakshishi ni nyongeza anayopewa mhudumu kwa hiari ya mteja, baada ya kazi. Kwenye meza ya poka ya kasino, mgawa karata hupewa na aliyeshinda; aliyeshindwa amekwisha kutoa vya kutosha.

Dodoma, mji wa nyama choma na vikao vya Bunge, kiwango hupangwa na chenji: bili ya shilingi 9,500 humwachia mhudumu 500, ya 10,000 humwachia tabasamu. Neno la msingi ni "baada". Fedha ileile ikitangulia huduma huitwa chai, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina jina lake kamili.

Wanasiasa nao walikuwa na bakshishi yao. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi, likaruhusu takrima, yaani ukarimu wa jadi kwa wapiga kura. Jadi hiyo ilikumbukwa kila baada ya miaka mitano, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006.

Kwa kipimo hicho, anayempa mgawa karata baada ya mchezo ni muungwana. Anayempa kabla ni mgombea.