Muulize Bi Bandari: Visiwa Vitano, Siku Kumi

Barua za wiki hii karibu zote zina ugonjwa mmoja: visiwa vingi, siku chache. Tusipoteze muda, maana wenyewe hawana.

*Shikamoo Bi Bandari. Ofisi imenipa likizo ya siku kumi. Nimechora mstari kwenye ramani: Unguja, Komoro, Madagaska, Morisi, Ushelisheli, kisha nyumbani. Siku mbili kila nchi. Hesabu imekubali, ila mke wangu kila akiiona anacheka. Anacheka nini? – Mpenda Visiwa, Tabata*

Marahaba, baba. Mkeo ameiona siku ambayo wewe hukuiona: siku ya kuhama. Kwenye ramani visiwa hivyo ni majirani wa kuombana chumvi, lakini ndege hazijui ujirani. Mara nyingi utarudishwa bara, Nairobi au Addis Ababa, ukalie kiti cha chuma saa tano, ndipo uvuke tena bahari ileile uliyoivuka asubuhi. Na si kila njia ina ndege kila siku. Ukifika Moroni, Komoro, Jumanne ukaambiwa ya kukutoa iko Ijumaa, ratiba yako imekufa, tuizike.

Siku ya kuhama yenyewe huwa hivi: unaamka saa tisa usiku, unafunga begi gizani, foleni ya mizigo, foleni ya uhamiaji, kubadili pesa, kuvutana bei na dereva wa teksi, unaingia chumbani jua linazama. Hayo utayafanya kila baada ya siku moja. Morisi wanatumia rupia, Ushelisheli nao rupia, na rupia hizo hazijuani. Ariari ya Madagaska hugawanywa kwa tano badala ya mia. Mshika mawili moja humponyoka. Wewe umeshika matano.

Dawa yako: hesabu mipaka, usihesabu visiwa. Kila mpaka umekula siku. Kwa siku kumi vuka mmoja tu, halafu zungukia visiwa vilivyo chini ya bendera moja. Ushelisheli ina visiwa 115, chukua vitatu. Boti ya Mahé hadi Praslin ni kama saa moja, Praslin hadi La Digue robo saa, na hapo kati hakuna wa kukugongea muhuri. La Digue unakodi baiskeli, basi, kisiwa chako. Viza hawadai, ila kibali cha kuingia huombwa mtandaoni kabla ya safari, na watataka kuona tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Likizo ikiangukia Julai, kusi linavuma na boti hurukaruka. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, si baada ya kumtapikia jirani.

*Bi Bandari, bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija. Mume wangu anasema Komoro tuipe siku tatu, kisiwa kimoja kwa siku, kisha tuwahi Madagaska. Nimkubalie? Tunaondoka Agosti. – Mjukuu, Kikwajuni*

Mwanangu, huyo mumeo hajawahi kutembelea ukoo. Kisiwa cha Ngazija peke yake kitawameza siku hizo. Nyumba ya kwanza mtakula, ya pili mtakula, ya tatu mtanuniwa kwa kushiba. Akitaka kupanda Karthala, volkano ya mita 2,361, wapandaji wengi hulala huko juu usiku mmoja. Kisiwani Mwali, kwenye kijiji cha Itsamia, kasa hupanda ufukweni kutaga usiku, na kasa hawafuati ratiba ya mumeo.

Halafu Agosti! Huo ndio msimu wa harusi kubwa, Wakomoro wa Ufaransa wamerudi kwao na masanduku yao, viti vya ndege vinagombaniwa. Kata tiketi mapema, Madagaska iache hadi mwaka mwingine, na beba doti kadhaa za kanga. Utaulizwa.

*Nina viza ya Schengen, na Mayotte ni Ufaransa. Si nitaingia tu nikitokea Nzwani? Nasikia kuna viboti vya bei nafuu. – Mjanja, Mombasa*

Mjanja, Mayotte ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011 na wanatumia yuro, lakini viza ya Schengen haikufikishi huko. Maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo yana viza yake. Iombe ukitaja Mayotte kwa jina. Uliza na malazi mapema, maana kimbunga Chido cha Desemba 2024 kilibomoa vingi.

Kuhusu viboti, hapa sitanii. Kutoka Nzwani, kisiwa cha Komoro, ni kama kilomita 70, na tangu Wakomoro walipowekewa sharti la viza mwaka 1995, watu wengi mno wamezama katika maji hayo wakifuata ndugu, kazi na hospitali. Wao wamebanwa. Wewe unaokoa nauli. Usiende.

*Babu yangu alikuwa nahodha. Nataka kufika Komoro na Madagaska kwa jahazi, kwa tanga tupu kama wazee. Nina wiki mbili. – Damu ya Bahari, Lamu*

Wazee walishuka na kaskazi kuanzia Desemba, wakapanda na kusi lilipoanza, Aprili hivi. Hapo katikati walifanya biashara, wakaoa, na wengine waliacha mimba. Muulize mwajiri wako kama likizo ina nafasi ya yote hayo.

*Bi Bandari, tunakwenda fungate Praslin. Nimepania kumletea mama mkwe ile nazi pacha ya huko, awe nayo sebuleni. Inaruhusiwa? – Bwana Harusi Mtarajiwa, Tanga*

Inaruhusiwa ukiinunua na kibali chake. Bila kibali itaishia forodhani. Ni mbegu kubwa kuliko zote duniani, inaweza kupita kilo 15, kwa hiyo ukiibeba nguo zako zitabaki huko. Lakini uzito si kitu. Umelitazama umbo lake vizuri, mwanangu? Mbele na nyuma? Hilo ndilo unataka baba mkwe alikute sebuleni, akiuliza nani kaleta?

Mpelekee mdalasini.