Pengwini wa Kwenye Boksi

Nyuma ya boksi la adapta yangu ya waifai kuna picha ya pengwini mdogo, mnene, mwenye furaha isiyo na sababu. Kando yake wameandika kwamba kifaa hiki kinakubali Linux 2.6. Kabla hujamwamini pengwini yeyote, jua kwamba toleo hilo lilitoka Desemba 2003, na 3.0 ikachukua nafasi yake Julai 2011. Mtoto aliyezaliwa 2.6 ilipotoka sasa ana kitambulisho na madeni ya simu.

Mimi sikuwa natafuta ugomvi na mtu. Laptopu yangu ya mtumba ilikuwa ikitumia Windows 10, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kupanda hadi 11 haikuweza, umri uliikatalia. Ndipo mpwa wangu anayesoma Kisumu akaja na flashi yake. "Mjomba, nakuwekea Ubuntu badala ya Windows. Ni ya bure."

Ni ya bure kweli, hilo sibishi. Linux yenyewe, iliyo ndani ya hiyo Ubuntu, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 huko Finland akiwa mwanafunzi wa chuo. Mwanafunzi wangu mimi alianzisha sufuria ya ugali, akaimaliza, akapanda matatu ya Kisumu. Akaniachia laptopu ambayo waifai yake ya ndani ilikufa zamani. Nikapita duka la simu karibu na steji ya Kendu Bay, nikanunua adapta ya USB, ndogo hata ikianguka kwenye mkeka hutaiona tena.

"Hii ni kuchomeka tu, mwalimu," muuzaji akaniambia.

Nikachomeka. Taa ya bluu ikawaka, na kompyuta ikanitangazia kwamba nimeweka sidii.

Laptopu yangu haina hata mahali pa kuweka sidii.

Sisi wa huku hatupaswi kushangaa. Tuna ziwa la Simbi Nyaima hapa jirani, ambapo wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Bibi kizee alifika watu wakiwa kwenye sherehe, wakamfukuza bila kumjua ni nani, na mvua ikawazamisha. Aliyeokoka ni mwanamke aliyemkaribisha. Kwa hiyo tumelelewa kumheshimu mgeni anayekuja kwa sura isiyo yake. Lakini yule bibi alitaka hifadhi tu. Mgeni wangu alikuja kwa sura ya sidii, na alichotaka ni Windows.

Nimekuja kujua kwamba ndivyo walivyoiunda kiwandani. Ndani ya adapta wameweka programu ya kusakinisha, ya Windows peke yake. Ukiichomeka, inajitambulisha kama sidii ili programu hiyo isomwe kwanza, kisha ndipo igeuke kuwa waifai. Linux, ambayo ni mtu wa kuamini anachoambiwa, ikiambiwa sidii inafungua sidii. Dawa yake ni programu iitwayo usb_modeswitch, na kazi yake ni kuiamuru adapta itoe sidii. Sidii ambayo haipo, itoke kwenye mlango ambao haupo. Adapta ikitii amri hiyo inakumbuka kazi iliyoileta duniani.

Yangu ikatii. Waifai haikuja, kwa sababu sasa ilidai draiva, yaani programu ya kuiendesha.

Ili upate draiva lazima ujue chipu iliyo ndani, na boksi halikuambii, kwa kuwa kuna watengenezaji wanaobadilisha chipu na kuacha jina lile lile. Ukiandika amri ya lsusb, Linux inakupa herufi na tarakimu nne za mtengenezaji na nne za kifaa chenyewe. Nikaziandika kwenye karatasi nikarudi dukani.

"Zote ni moja, mwalimu."

Nikaenda kwa mafundi. Mmoja ni Mwislamu, na Ijumaa mchana yuko msikitini. Mwingine ni Msabato, na tangu wamishonari wa Kisabato wafike Gendia, hapa jirani, mwaka 1906, Jumamosi ya Kendu si siku ya kutafuta fundi. Jumapili mafundi wote wapo. Stima haipo.

Na draiva yenyewe inapakuliwa kutoka kwenye intaneti, hiyo hiyo niliyokuwa naitafuta. Mpwa akanielekeza kwa simu: chomeka simu kwenye laptopu kwa waya, washa sehemu ya kushiriki intaneti kwa USB. Linux iliyoisumbua adapta mpya ikaipokea simu yangu yenye kioo kilichopasuka bila kuiuliza hata jina la baba yake.

"Sasa mjomba, si tayari una intaneti?"

Ninayo, nikamjibu, ila ni ya bando, huku waifai niliyolipia mwezi mzima inakaa ukutani ikimulika taa. Tukiwa bado tunabishana, Ubuntu ikanusa bando na kuanza kujipakulia masasisho bila kubisha hodi. Bando likaisha. Nikanunua jingine, nikapakua msimbo wa draiva unaotunzwa na watu wa kujitolea, nikaamuru kompyuta iujenge. Skrini ikajaa maandishi ambayo ukimwonyesha mchungaji atakushika kichwa akuombee. Mwishowe waifai ikaja.

Nikampigia mpwa nimpe habari. Akafurahi, kisha akanionya kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikibadilika, draiva ya namna hii huweza kukatika, hadi ijengwe upya. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba tangu Linux 6.2 ya Februari 2023, chipu kadhaa za ukoo wa hiyo iliyo kwenye adapta yangu zina draiva zake ndani ya kerneli, unachomeka tu.

"Na wewe uliniwekea ipi?"

"22.04 ya mwaka 2022, mjomba. Ina kerneli 5.15."

"Kwa nini?"

"Ndiyo iliyokuwa kwenye flashi."