Acheni Baridi Iingie Kidogo

Sherbrooke, Québec, katikati ya Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi, uzigawe kwa haki: za kwanza kwa Mama, zinazofuata kwa mashangazi wa Bagira, na zitakazobaki umpe yule jirani anayeazima makaa na kusahau njia ya kuyarudisha. Barua hii uisome kwa sauti jioni, watu wakishakula bugali. Kuna sehemu mbili tatu ambazo Mama hatazipenda. Ukifika hapo, kohoa kisha uruke. Najua huko mna mambo mazito kuliko haya, na huku hatulali kabla ya kusikiliza habari za Kivu. Ndiyo maana nimechagua kuwaandikia jambo jepesi.

Ujumbe wako wa sauti umefika. Unasema picha yangu ya theluji imezunguka Bukavu yote, kutoka Panzi hadi Nguba, kwamba wengine wamesema nimeingia jeshini, wengine kwamba siku hizi nachomelea vyuma, na Shangazi anauliza kama macho yangu ni mazima. Mwambie ni mazima. Nilichovaa ni miwani ya skii. Skii ni mchezo wa watu wa huku: unapandishwa mlima kwa lifti, unashuka ukiteleza juu ya mbao mbili zilizofungwa miguuni, halafu unapanga foleni upandishwe tena. Kule juu hawafuati kitu. Hakuna shamba, hakuna soko, wala mgonjwa wa kutembelea. Wanalipa kupanda na wanashuka bure, basi. Hapa Sherbrooke mlima wenyewe, Mont Bellevue, uko ndani ya mji. Shule iliwapeleka watoto wangu, wakarudi hawana wimbo mwingine, nasi wazazi tukaburutwa.

Swali lako zuri ni lile la mwisho: mbona kwenye picha nyingi miwani ni nyeupe kwa ndani, kana kwamba humo kuna mtu anapika?

Kweli, kunapikwa. Na Mama analijua jambo hili kuliko profesa yeyote. Akifunika sufuria ya sombe, akiuinua mfuniko anaukuta umejaa matone upande wa ndani. Sombe haikurukia mfuniko. Ni mvuke wake uliopanda, ukakutana na bati lenye baridi, ukashindwa kubaki hewani, ukageuka maji. Huku uso wangu ndio sombe, na kioo ndicho mfuniko. Pumzi inamtoka mtu ikiwa na joto la nyuzi kama 34, imebeba mvuke kadiri inavyoweza kubeba. Nje leo asubuhi ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri. Kumbukeni kwamba nyuzi 14 juu ya sifuri ndiyo asubuhi ya kiangazi ambayo Mama huvaa sweta mbili na kutangaza kuwa mwaka huu baridi ya Bukavu itaua watu.

Sasa shikeni neno moja, maana barua yote imesimama juu yake: ukungu wa miwani hauletwi na Kanada. Tunakuja nao wenyewe, kwa pumzi zetu na jasho letu. Kanada inatoa kioo baridi tu.

Wala si lazima uende mlimani. Jumapili, wazee wetu wenye miwani wakitoka nje na kuingia kanisani, vioo vimeshapoa na hewa ya ndani imejaa pumzi za waumini. Wanapofuka pale pale mlangoni. Ndiyo dakika ambayo kila mmoja anamsalimia mke wa mwenzake kwa furaha kubwa. (Kohoa.)

Lakini mlimani ndiko sisi watu wa Kivu tunakoonyesha kipaji. Tukisikia neno baridi, tunajifunga hadi pasibaki tundu. Shemeji yako siku ile alivaa fulana tatu, sweta, koti la kufika magotini, kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi, na skafu aliyoipandisha juu ya pua akaichomeka chini ya miwani. Pumzi yake haikuwa na njia nyingine ila kupanda moja kwa moja ndani ya miwani. Kabla hatujafika kwenye lifti, alikuwa haoni kitu. Alimwambia mtu fulani mrefu “bonjour, madame” kwa adabu zote, akangoja jibu. Ilikuwa nguzo ya taa. Nyuma yake watoto wa miaka mitano, pua nje, mashavu mekundu, walikuwa wanatazama na kujifunza.

Wanakivu wa hapa waliposikia, kila mmoja akaleta dawa yake. Mmoja akasema paka vazelini. Mwingine akasema dawa ya meno. Mtu wa Goma, na mnawajua watu wa Goma, akasema kwao wamezoea kupanda Nyiragongo, mita 3,470, usiku, mvuke chini na baridi juu, kwa hiyo asifundishwe ukungu. Yeye dawa yake ni mate: wazamiaji baharini hutemea kioo kabla ya kuingia majini. Ni kweli wanafanya hivyo, lakini bahari yao haigandi. Shemeji yako alitii. Mate yakageuka barafu ndani ya kioo, na tangu hapo uhusiano wa Bukavu na Goma katika mji huu umekuwa wa kusalimiana tu. Vazelini nayo inabadilisha ukungu kuwa utelezi, na dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza plastiki. Mzee mmoja alipendekeza maombi. Hilo hatukulikataa, lakini pia tuliuliza kwa wenye mlima.

Wao walitueleza kwamba miwani hii ilibuniwa kwa ajili ya ugonjwa huo huo. Bob Smith, Mmarekani aliyekuwa daktari wa kunyoosha meno, alipenda kuteleza kwenye theluji ya kina na akachoka kuteleza bila kuona. Mwaka 1965 akatoa miwani yenye vioo viwili, katikati hewa imefungiwa. Kioo cha nje kinapigwa na baridi, cha ndani kinabaki na uvuguvugu, kwa hiyo mvuke haupati pa kuganda kwa urahisi. Ukingoni akaweka sponji inayopitisha hewa. Za siku hizi zina pia dawa iliyopakwa kwa ndani. Dawa hiyo haifukuzi mvuke. Kazi yake ni kuyatandaza matone yawe utando mwembamba ambao jicho linapita bila kuzuiwa.

Basi sheria zake ni hizi. Skafu isiingie chini ya miwani, na pumzi itolewe kuelekea chini. Kofia isifunike matundu ya juu. Theluji ikiziba matundu, ikung'ute. Usiipandishe miwani kwenye paji la uso unapopumzika, maana paji la uso chini ya sufu linatoka jasho jingi, nawe utakuwa umeiweka miwani jikoni. Upande wa ndani usipanguswe kwa glavu: ile dawa ikiloa inakuwa laini, ukisugua unaitoa, na ukishaitoa hairudi. Gusa tu kwa kitambaa laini kikavu. Usiikaushe juu ya kipasha joto, maana gundi inayoshika vioo viwili inaweza kuachia, na ukungu ukiingia katikati hakuna atakayeufikia. Usiilaze ndani ya gari usiku, kwa sababu asubuhi utaweka kioo cha barafu juu ya uso wenye joto. Na sheria inayomshinda mtu wa Bukavu kuliko zote: vaa kidogo. Mtu asipotoka jasho, miwani haina cha kuonyesha.

Shemeji yako aliposikia “vaa kidogo” alinitazama kana kwamba nimetumwa na maadui. Nikampa habari ya Gene Cernan. Juni 1966, mtu huyo alitoka nje ya chombo cha Gemini 9 angani, amevaa vazi ambalo Marekani iligharamia mno. Kazi ikawa ngumu kuliko walivyotarajia, mwili ukachemka, mashine ya kupooza vazi ikazidiwa, na kioo cha kofia kikajaa ukungu hadi akawa haoni. Mkono hauwezi kuingia ndani ya kofia ile, kwa hiyo alifuta tundu dogo kwa pua yake, akachungulia dunia kupitia hapo. Baada yake, vioo vya wanaanga vilianza kupakwa dawa ya kuzuia ukungu. Shemeji akafikiri sana, kisha akasema: “Kwa hiyo hata yeye alivaa vizuri.” Mtu ukimshinda kwa hoja hakosi kichaka.

Habari za Wakenya wawili ndizo zilizomaliza ubishi. Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, Februari 1998, kwenye kilomita 10 za skii ya kukimbia. Alifika wa mwisho, nafasi ya 92, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda dakika 20 hivi kabla yake, alikataa kuondoka hadi amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Sabrina Simader naye, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, alishindana Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 kwenye skii ya kushuka mlima. Sasa tazama. Wanaokimbia kama Boit wanatoka jasho kama wachimbaji, kwa hiyo wengi wao hawavai miwani iliyofungwa: huvaa ya wazi, hewa ipite, au hawavai kabisa. Wanaoshuka kama Simader huvaa iliyofungwa, kwa sababu mwendo wao wenyewe unasukuma upepo kwenye matundu na kufagia mvuke. Ukungu unamkamata aliyesimama kwenye foleni akihema. Shemeji yako hakimbii wala hashuki. Yeye ni mtu wa foleni.

Mwishowe alikubali kupunguza sweta moja na kuishusha skafu hadi kidevuni. Akapiga kelele kwamba baridi imemkata pua. Halafu akanyamaza, kwa kuwa alikuwa anaona mlima mzima kwa mara ya kwanza, na watu waliokuwa juu yake, na kwamba nguzo haikuwa madame. Ndiyo bei ya huku, mdogo wangu: ukitaka kuona, ruhusu baridi kidogo iingie.

Hayo yanakuhusu wewe motari, dereva wa pikipiki. Ukifunga kioo cha kofia mvua inaponyesha ukasimama Feu Rouge na abiria wawili mgongoni, au ukipanda kutoka Miti kwenda Tshivanga asubuhi, ukungu unaolalamikia ni wako, wala usilisingizie Ziwa Kivu. Fungua kioo upana wa kidole ukisimama. Kile cha kofia yako ni plastiki tupu, hakina dawa, kwa hiyo sabuni inakifaa: tone moja la sabuni ya maji kwa ndani, lipake kwa kidole, liache likauke, kisha sugua taratibu kwa kitambaa kikavu hadi king'ae. Mwaka 2020, wakati wa Korona, wenye miwani na barakoa waliofanya hivyo waliponea hapo hapo. Baada ya mvua kubwa, rudia. Lakini sabuni hiyo isiguse miwani ya skii.

Miwani ninayokutumia itapitia Kigali, mkononi mwa mama mmoja anayerudi. Nimechagua yenye kioo cha njano, maana ile nyeusi ni ya jua la kwenye theluji, na giza likiingia ungegonga mbuzi wa watu. Mtu asiifute kwa shati.

Na Mama akisema theluji si mambo yetu, mjulishe kwamba tunayo yetu wenyewe. Kilele cha Margherita huko Rwenzori, mita 5,109, kiko mpakani mwa Kongo na Uganda, na barafu yake inapungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tusichelewe. Amani ikirudi, nakuja na mabegi mawili ya miwani, tufungue duka Mutwanga na kukodisha kwa watalii. Wewe utashika usafiri, mimi nitafundisha sheria, Mama atashika pesa. Shemeji yako tutamweka kwenye kaunta, ndani, avae anavyotaka.

Yaya yako