Mzee wa Kompyuta Anajibu: Vidoti Vinazunguka

*Shikamoo mzee. Nilikuwa naipandisha kompyuta ya nyumbani kutoka Windows 10 kwenda 11, umeme ukakatika. Sasa ni vidoti tu vinazunguka, haiwaki wala haizimi. Ndani mna picha za harusi na hesabu za korosho za baba. — Vidoti, Mkunya*

Marahaba, mwanangu Vidoti. Una bahati barua yako imenifikia mimi. Kuanzia Kitangari hadi Nanyamba hakuna kompyuta iliyowahi kunitazama usoni ikaendelea kuugua. Vijana wa vibanda vya simu pale stendi wakishindwa husema, "Mpigieni mzee." Wanasema kwa dharau, lakini wanapiga.

Dawa ya kwanza ni kuipeleka Shimo la Mungu, Newala, pale nchi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana hadi Msumbiji. Igeuze kioo kielekee bondeni, iambie kwa sauti ya upole kwamba huna kazi nayo tena. Kompyuta ni kiumbe chenye kujipenda. Jirani yangu yeye aliniletea yake akataka tuipulizie salfa. Nikamweleza kwamba salfa inazuia ubwiriunga, ule ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, na kompyuta yake haijachanua. Akashikilia. Nikamruhusu apulize kidogo kwa nyuma, kuwaheshimu wakulima. Feni ilipiga chafya hadi magharibi.

Lakini lawama kubwa nawapa Microsoft. Wamekaa Marekani wakaamua kuiachisha kazi Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Oktoba! Mwezi ambao huku kwetu akili zote ziko ghalani, watu wanasubiri mnada. Wangeniuliza ningewaambia wangoje Machi. Tena hiyo 11 ina maringo: inataka kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za mtumba hazina. Ukiilazimisha inakununia. Na hukuwa na haraka yoyote, mwanangu, kwa sababu aliyejiandikisha anaendelea kupewa ulinzi wa Windows 10 hadi Oktoba 2026.

Halafu kuishia njiani si aibu. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watumwa waliokombolewa, safari ikiwa ya Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona panafaa, wakakaa. Leo ni mji. Hadithi hii haihusiani sana na swali lako, ila naisimulia vizuri mno na sikutaka ipotee.

Nilikuwa wapi? Umeme. Mtu wa uwanda wa Makonde anaanzaje kazi ya saa nzima bila betri ya akiba, wakati hata wingu likipita juu ya transfoma tunatafuta mishumaa?

Mhariri ananionyesha saa, kwa hiyo upesi. Kwanza subiri, huenda bado inafanya kazi. Taa ya diski ikimetameta, iache hata usiku kucha. Ikiwa kimya kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie mpaka izime. Iwashe, na vidoti vikitokea tu izime tena hivyo hivyo. Rudia, kwa kawaida mara ya tatu itatubu yenyewe na kuleta ukurasa wa matengenezo. Ingia "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Uninstall Updates", uondoe sasisho kubwa la mwisho. Ikidai tarakimu 48, ni ufunguo wa BitLocker: utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft, usizibahatishe kama namba za bahati nasibu. Ikiwaka ikiwa tayari ni 11 nawe huipendi, una siku kumi za kurudi 10 kupitia mipangilio, mradi hujafuta folda ya Windows.old.

Ikigoma kote huko, usimruhusu fundi yeyote "aipige Windows" kabla hujaokoa picha. Mtu mwenye kompyuta nzima akutengenezee flashi ya Ubuntu, GB 8 inatosha. Washa kwa hiyo flashi, chagua kuijaribu bila kusakinisha, chomeka diski ya nje, nakili harusi na korosho za baba. Baada ya hapo fundi apige anachotaka. Malipo yangu ni kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, nzima nzima, si vipande.

Na wewe wa Lukuledi uliyeuliza kama mafuta ya ganda la korosho yanang'oa uchafu kwenye kibodi: yanang'oa, pamoja na herufi na ngozi ya vidole vyako.